Alisema Sauti Ni Yake

Mabinti wa siku hizi wakiniuliza Mlezi alikwenda wapi, huwa nawajibu kwamba mkataba wake ulikwisha, akarudi nyumbani. Jibu hilo nalitoa haraka, huku natafuta kalamu au nafunga dirisha, kwa sababu wapo wawili watatu wenye macho ya kupekua. Hapa Maskati mikataba huisha kila siku, kwa hiyo wananiamini. Mimi ndiye nisiyejiamini, na ndiyo maana naandika.

Alikuwa mlezi wetu sisi wasichana wa ibada ya Kiswahili, Watanzania na Wakenya na Waganda wachache, katika eneo la makanisa kule Ruwi. Siku sita za wiki alikuwa mpishi wa familia moja ya Kiomani huko Qurum, na Ijumaa mchana alikuwa wetu. Jina lake analo, lakini hakuna aliyethubutu kumwita kwalo. Tulimwita Mlezi akiwa hayupo, na Mama akiwepo. Nilimjua miaka tisa, tangu nilipofika kufanya kazi saluni, sijui hata kuhesabu kwa Kiarabu, hadi nilipokuwa msaidizi wake. Katika miaka hiyo sikumbuki siku niliyokaa naye bila kuhisi kwamba kuna kitu anakisikiliza nyuma ya maneno yetu. Ungekuwa unamsimulia jambo, ananyanyua kidole, ananyamaza, kisha anasema, "Endelea." Hakutuambia kamwe alikuwa amesikia nini.

Chumba tulichopewa hakikuwa chetu peke yetu. Kabla yetu walikaa Wahindi, wakatuachia harufu ya asumini na makombo mezani. Baada yetu waliingia Wafilipino na magitaa yao. Sisi tulikuwa na saa mbili, kuanzia saa nane. Mlezi alifika robo saa kabla, akafuta ubao uliokwisha kufutwa, na ikifika saa kumi kasorobo alikuwa ameshaanza kututoa nje hata kama mtu yuko katikati ya kilio chake. Karatasi tulizoandikia maombi yetu alizichana vipande vidogo vidogo, akavitia mkobani, akaenda kuvitupa Qurum. Tulimcheka sana kwa hilo. Tulisema Mama anadhani kuna mtu atakaa kuviunganisha ili ajue ni nani anayemwombea baba yake aache pombe. Hatukuwa na kosa lolote pale. Kusali ndani ya uzio ule kulikuwa ruhusa tupu, na yeye alilijua hilo kuliko sisi.

"Ruhusa ipo," alisema. "Na ina uzio. Kila mmoja wenu ajue uzio unaishia wapi."

Alikuwa mfupi, mpana, na alivaa viatu vyeupe vya mpira vya jikoni hata kanisani. Aliogopa lifti. Tulipokwenda kumtazama mgonjwa ghorofa ya sita tulipanda ngazi pamoja naye, wote tukihema, na yeye akitukemea kwamba vijana wa leo hawana pumzi. Alitukataza umbea, lakini habari ya kila nyumba yenye msichana wetu, kuanzia Ruwi hadi Sib, alikuwa nayo yeye. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili alizifuata kwenye simu yake bila kukosa sehemu hata moja, na alilia, yule yule aliyekuwa akituambia machozi yetu ni ya kujionea huruma. Sifa hakutoa. Siku niliyofundisha kwa mara ya kwanza mbele ya wenzangu, aliniambia tu kwamba nimesimama mbele ya feni na watu wa nyuma wamepata joto.

Njia yake ya kulea ilikuwa moja. Mtu akikaa naye mwaka, anapewa mwingine wa kumlea. Hakukubali uwe mwanafunzi wa kudumu. "Wako ni nani?" ndilo swali alilokuwa akikuuliza mlangoni kabla ya salamu, na ilikupasa utaje jina, na useme wiki hiyo analala vipi, anakula nini, na bado anasoma au ameacha. Wengi wa hao wadogo zetu hawakuwa na mapumziko ya Ijumaa. Walifungiwa na kazi, watoto na wageni, na kanisa walilisikia tu kwa masimulizi. Kwa hiyo tuliwafundisha kwa simu. Kila Ijumaa, kabla ya kuanza kipindi, Mlezi alitoa simu yake, na sisi wakubwa tukatoka nayo kwa zamu hadi kwenye kibaraza cha tangi la maji, kila mmoja akarekodi sauti saba fupi za mdogo wake, moja ya kila siku. Kila alfajiri Mlezi alituma moja mwenyewe. Hatukutumia simu zetu.

Nilimuuliza kwa nini anajipa kazi yote hiyo.

"Ili namba ijulikane moja," akasema. "Kukiwa na shida, ijue pa kwenda."

Aliposema hivyo nilikuwa nakata kucha zangu. Niliendelea kukata.

Masharti ya sauti zile yalikuwa manne, na aliyarudia kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Usikilize kwa hedifoni. Ukimaliza, ufute. Nyumbani kwa watu ni kazi tu. Usisali kwa sauti, usimsimulie mtu wa nyumba hiyo, na hasa mtoto, hata akuulize. Na sisi tunaorekodi, tusitume wimbo. Maneno mtu atayasikiliza na kuyaweka moyoni, alisema, lakini wimbo utamkuta anaosha vyombo na anauimba bila kujua.

Juu ya ukweli hakuwa na mzaha. Binti mmoja aliunguza abaya ya madamu wake kwa pasi, akasema ni dobi aliyeiunguza. Alitusimulia kwa kicheko, na sisi tukacheka. Mlezi hakucheka. Alimpa simu akamwambia ampigie madamu pale pale, mbele yetu, aseme. Binti akaomba radhi, akaapa, akalia. Mlezi akakaa na simu imenyooshwa mpaka ikachukuliwa. Madamu alimnyima yule binti Ijumaa zake kwa miezi mitatu, na nadhani alitupotea moyoni kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Mimi niliona ni ukatili, na nikamwambia. Alinijibu kwamba anayesema uongo wa kuokoa ngozi yake leo, kesho atamwacha mwenzake achunwe. Nayakumbuka maneno yale vizuri kuliko ninavyotaka.

Mdogo wangu mimi alikuwa Penina, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyepata kazi Sib, katika nyumba ya ghorofa mbili karibu na pwani ya wavuvi. Kabla hajahamia huko, alipotuambia kwamba wenye nyumba ni Waomani wa Unguja, na kwamba wanazungumza Kiswahili tangu bibi hadi mjukuu, sote tulimpongeza. Tulisema ameokota embe chini ya mnazi. Hatahangaika na lugha, hatapigiwa kelele asizozielewa, na atakula chakula anachokijua. Mlezi peke yake ndiye aliyekunja uso.

"Nyumba ambayo hawakuelewi, unaweza kuimba siku nzima," alisema. "Hiyo ya kwako, Penina, hata kupumua wanakuelewa."

Tukaona ameanza tena.

Penina hakuwa na Ijumaa. Aliteseka kwa upweke, ingawa wenye nyumba hawakumtenda vibaya. Alimlea mtoto wa miaka minne, akampenda, na kila usiku akamlilia wa kwake aliyemwacha kwa mama yake. Sauti zangu alizisikiliza, lakini majibu yake yalizidi kuwa mafupi. "Asante dada." Kisha "Asante." Kisha kimya cha siku tatu. Niliogopa kwamba anatuponyoka, na nitakuwa mtu wa kusimama mlangoni bila jibu. Hiyo ilikuwa sababu moja. Sababu ya pili ni kwamba nina sauti nzuri, naijua, na watu wameniambia tangu nikiwa mdogo. Basi Ijumaa ile pale tangini, kwenye sauti ya sita, nikamwimbia Penina pambio la watoto la shule ya Jumapili, lile la kupiga makofi, lenye jina la Yesu mara tatu katika kila ubeti. Nilipiga na makofi yenyewe. Mlezi hakuwa na desturi ya kutusikiliza tena kabla ya kutuma. Alituamini.

Penina alijibu siku hiyo kwa maneno mengi. Alisema amelia na amecheka. Wimbo hakuufuta. Aliufungua tena wakati anamwogesha mtoto, mikono ina sabuni, hedifoni iko chumbani. Alifanya hivyo si chini ya mara kumi, kama alivyokuja kukiri mwenyewe. Na Ijumaa iliyofuata, sinia la wali limeandaliwa, ukoo mzima umekaa, mtoto alisimama katikati ya mkeka akawaimbia wote, ubeti kwa ubeti, na makofi akapiga. Katika nyumba nyingine wangemchukua video. Pale kila mmoja alielewa kila neno.

Simu ya Mlezi ilipigwa kutoka Sib alasiri hiyo hiyo. Alikuja saluni kwangu asubuhi ya pili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama mlangoni na viatu vyake vyeupe mpaka nikamaliza kumpaka mteja hina. Aliniuliza swali moja: kama niliimba. Nikasema ndiyo. Hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa hasa.

"Vaa," akasema. "Tunakwenda Sib. Utakaa, utakunywa watakachokupa, na hutafungua mdomo. Ukifungua, nitajua miaka hii yote hukunielewa."

Katika teksi alikaa mbele, karibu na dereva. Nilihesabu mambo yanayoweza kutokea, na yote yaliishia kituo cha polisi: Penina kashtakiwa kumfundisha mtoto wa Kiislamu dini, na mimi nyuma yake.

Tulipokelewa vizuri, na uzuri ule ulinitisha. Kahawa ililetwa, na tende. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa serikalini, mpole wa sauti, kanzu nyeupe isiyo na mkunjo. Simu ya Penina ilikuwa juu ya zulia mbele yake. Mama yake alikaa kwenye kiti kwa sababu ya magoti. Penina alisimama mlango wa jikoni, uso umevimba.

"Karibuni," alisema yule bibi. "Keti, mama. Na wewe mwanangu, keti." Alisubiri mpaka tukashika vikombe. "Miye nimezaliwa Unguja, nyumba yetu na kanisa ukuta kwa ukuta. Nyimbo zenu nnazijua, na watu wenu nnawajua. Sina ubaya nao. Lakini mjukuu wangu kaimba mbele ya ami zake wote. N'nakuuliza, mambo gani haya?"

"Mimi sigombani na dini ya mtu," alisema mwanawe. "Lakini mtoto ni wangu, na hili lina sheria. Nikilipeleka mbele, halirudi tena mikononi mwangu. Nataka kujua tu huyu anayeimba ni nani."

Akaigusa simu. Sauti yangu ikatoka, changamfu, ikajaa chumba chote na makofi yake. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyoichukia sauti ile.

"Ni mimi," alisema Mlezi. "Namba ni yangu na sauti ni yangu. Binti hakumfundisha mtoto. Alisikiliza yeye, mtoto akasikia. Kosa ni la aliyetuma."

Bibi alimgeukia.

"Hebu imba, nisikie."

Mlezi akaweka kikombe chini. Kanisani alikuwa akifungua mdomo tu pamoja na wengine. Hatukupata kumsikia peke yake. Aliimba ubeti wote, sauti nzito imepasuka, nje ya tuni tangu neno la kwanza, na alipofika penye makofi akapiga, taratibu, akiangalia zulia. Alipomaliza akachukua tena kikombe chake. Bibi hakuwa anamtazama yeye tena. Alikuwa ananitazama mimi.

"Na huyu mwenzio," alisema, "haimbi?"

"Huyu hana sauti, Bibi."

Nafasi ya kusema nilikuwa nayo. Wengine huwa wanasimulia kwamba mambo yalikwenda mbio, hawakupata hata kufikiri. Mimi nilipata. Kulikuwa na wakati wa kutosha kuweka kikombe chini na kusema maneno mawili, na yule bibi alinipa wakati huo kwa makusudi, naamini hivyo mpaka leo. Nikanywa kahawa.

"Nshasikia," bibi akamwambia mwanawe. "Ndiye."

Mwanawe hakuwa mjinga. Alimtazama mama yake, akamtazama Mlezi, akaigeuza simu kifudifudi.

"Khalas, imetosha," akasema. "Nakupa wiki moja uondoke nchini. Usipoondoka, simu hii naipeleka, na hapo sitaweza kumkinga yeyote."

"Na msichana?" aliuliza Mlezi.

"Msichana atakaa," alijibu bibi. "Mtoto keshamzoea."

Nilikwenda kumwona Mlezi Qurum siku moja kabla ya safari yake. Kafili wake, mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini, alidhani amechoka na amekumbuka nyumbani, na familia nzima ilikuwa na huzuni ya kawaida ya watu wanaopoteza mpishi mzuri. Nilimkuta jikoni anakaanga vitunguu vya pilau, anaandika majina ya viungo kwenye vikopo kwa ajili ya mpishi ajaye. Nilikuwa nimejiandaa usiku mzima. Nikamwambia nimeamua kwenda Sib kusema ukweli.

"Utamwambia nani?"

"Yule bibi."

"Bibi anajua. Utamwambia kitu ambacho amekubali kutokijua, na ukishamwambia hataweza tena kukaa kimya. Penina atakuwa ndani kabla ya wiki kwisha." Aligeuza vitunguu. "Ijumaa watakuuliza niko wapi. Utawaambia mkataba umekwisha."

"Wewe ndiye uliyetukataza uongo, Mama."

"Ndiyo. Ni mimi."

Nililia, na safari hii hakuniambia kwamba najionea huruma. Alifunga kikopo cha mdalasini, akakaza mfuniko kupita kiasi, akasema bila kunitazama:

"Niombee."

Nikasema nitaombea safari yake.

"Sizungumzii safari. Nimejaribu kuutubu ule uongo, nimeshindwa. Kila nikipiga magoti najiona tena pale Sib, na ningesema vile vile. Nimewafundisha miaka yote kwamba toba ya namna hiyo si toba. Sasa sijui nimesimama wapi." Akazima jiko. "Niombee hapa hapa. Kwa sauti, nisikie."

Akainamisha kichwa, mikono imeshikana mbele ya aproni. Hata siku moja hakuwahi kuniomba kitu. Nikafungua mdomo. Katika korido ndara za madamu wake zilikuwa zinakuja, bila haraka, na mimi nikafunga mdomo. Mlezi hakuinua kichwa. Madamu akaingia, akatusalimia, akatoa maji kwenye friji, akanywa akiwa amesimama, akatoka. Ndara zikarudi zilikotoka mpaka nisizisikie tena. Jikoni tukabaki wawili, na mlango ulikuwa umefungwa, na bado sikusema kitu.

"Amina," alisema Mlezi, akawasha jiko.